Barua Kumi na Nne Zenye Neno la Siri

Nimefanya ujinga, na afadhali muusikie kwangu kabla hamjausikia kwa wanakwaya.

Mimi ni mgane, mtu wa kukaa nyumbani hapa Kamembe. Kwenye kompyuta yangu kuna barua kumi na nne nilizomwandikia Maman Neema, jirani yangu mjane, bila kumpelekea hata moja. Nilizifunga kwa neno la siri refu sana, mimi mwenyewe huliandika nikihesabu kwa vidole. Nikajiona mtaalamu.

Jumamosi, kwenye mazoezi ya kwaya, niliombwa nitafute mtandaoni, kwa kompyuta yangu, maneno ya wimbo mpya, yaonekane ukutani kwa projekta. Maman Neema alikaa mstari wa mbele. Wimbo unaanza na "Namna ya kumshukuru". Nilipofika "Namna ya kum", kompyuta, ambayo sikuwahi kuifutia niliyoyatafuta mtandaoni, ikanimalizia kwa herufi kubwa: "Namna ya kumwambia jirani mjane kwamba unampenda".

Nikakohoa. Nikasema, "Ni virusi hivyo."

"Virusi ya roho, Papa Tito!" akadakia mzee mmoja wa besi, na kwaya ikacheka kwa sauti zote nne. Jirani mjane ninaye mmoja tu, na wote wanamjua.

Yeye hakucheka. Alifunga taratibu daftari lake la nyimbo, akanitazama mpaka nikatamani kuingia chini ya meza.

"Papa Tito," akasema, akiinyooshea kidole kompyuta, kisha akijinyooshea mwenyewe, "mashini njo utaoa, ao ni miye?"