Mtunzi Mwenye Ndevu za Gundi

Kabla ya kuwa muuguzi hapa Mansfield, Texas, nilifundisha fasihi katika shule ya upili huko Kenya, na kila mwaka niliwaongoza wanafunzi kuigiza tamthilia za yule Mwingereza wa kale ambaye dunia nzima inamjua. Ndiyo maana shemasi mmoja wa kanisa letu alinitafuta. Shemasi huyu alikuwa akipiga video za harusi na matanga, na kwa kuwa watu walimsifu kwa adabu, aliamini kwamba yeye ni mwelekezi wa filamu.

"Mwalimu," aliniambia baada ya ibada, "natengeneza drama ya televisheni ya mtandaoni. Nesi Mkenya anaingia kwenye lifti ya hospitali Houston. Mlango ukifunguka, yuko Uingereza, miaka mia nne nyuma, na anakutana na yule mwandishi wako. Nataka uni-check-ie script."

Niliusoma mswada jikoni. Humo, mtunzi mkuu kuliko wote alikuwa bwege mwenye sura nzuri. Alishika unyoya wa kuandikia, akajikuna kichwa, akapiga miayo, akamkonyezea nesi. Hakuwa na neno lake hata moja. Nesi, aliyekariri tamthilia zake shuleni, ndiye aliyemsomea, naye akanakili kama mtoto anayefanya imla.

Nilimpigia shemasi simu. "Huyu alikuwa mtu wa kazi," nikasema. "Aliandika, akaigiza, tauni ikafunga kumbi, akaandika tena. Wewe umemfanya karani wa nesi."

"Lakini inachekesha, Mwalimu."

"Inamchekesha nani?"

"Watu."

Alilitamka neno hilo kama mchungaji anayetaja kondoo. Hakuwa amemuuliza mtu yeyote. Aliamini tu kwamba watu ni wajinga kiasi cha kumtosha.

Hata hivyo nilikwenda, nikijidanganya kwamba ningeokoa sentensi mbili tatu. Jumamosi moja tulisafiri kwa gari lake hadi mtaa wa Gulfton, Houston, ambako familia ya Warundi ilikuwa imetuazima sebule. Baba wa nyumba, mfanyakazi wa hoteli, alikuwa ametoa makochi yote nje kwenye ujia wa ghorofa ili sebule yake iwe London. Picha ya Bikira Maria ilifunikwa kwa kitenge. Nesi aliigizwa na mwanafunzi wa chuo, msichana mwenye kipaji aliyestahili kazi bora. Mtunzi aliigizwa na shemasi mwenyewe. Nani mwingine? Alivaa ndevu za kubandika kwa gundi na kola aliyoitengeneza kwa vichujio vya kahawa.

Kiyoyozi kilizimwa kwa sababu ya kelele, na joto likaanza kumshughulikia. Kila alipomkonyezea msichana, pembe moja ya ndevu ilibanduka. Alisema kila sentensi akiitazama kamera, kana kwamba ilikuwa imemtongoza.

Tulipopumzika nilitoka kupunga hewa, nikamkuta ameketi peke yake kwenye ngazi, ndevu mkononi. Kulikuwa na sentensi iliyomkataa tangu asubuhi. Aliisema polepole, akatikisa kichwa, akahamisha neno, akaisema tena kwa midomo bila sauti. Paji lake lilikuwa limekunjamana. Alikuwa amesahau kabisa kwamba ana uso wa kutazamwa. Nilisimama pale nikamheshimu, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Hiyo ndiyo," nikamwambia. "Ingia ndani vivyo hivyo, tuipige."

"Ipi?"

"Hiyo uliyokuwa ukifanya sasa hivi."

Alicheka. "Mwalimu, nani ata-watch mtu akifikiria?"

Akabandika ndevu, akarudi ndani kujikuna kichwa. Kazi ilipokwisha, aliingia garini kupiga simu huku mimi na baba wa nyumba tukirudisha makochi ndani. "Asante sana, dada," yule Mrundi aliniambia, kana kwamba sebule ilikuwa yangu na yeye ndiye aliyeiazima.

Drama ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa hapa Mansfield, pamoja na sambusa. Watu walicheka hadi machozi, hilo sitalikana. Mwishoni jina langu lilitokea kwa herufi kubwa: mshauri wa fasihi. Familia ya Gulfton haikutajwa popote.

Mama mmoja, muuguzi mwenzangu, alinishika mkono mlangoni.

"Mwalimu, leo nimeelewa. Siku zote nilijiuliza mtu mmoja alitoa wapi maneno mengi hivyo. Kumbe alipewa!"

"Hakupewa, mama. Aliketi akaandika."

Alinitazama kwa huruma.

"Kwani ulikuwa umetoka nje," akaniuliza, "wakati nesi akimsomea?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nimetoka, nikaenda kutafuta gari langu.