Pumzi ya Mzee Ndalahwa na Doa Lililokaa Kimya

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Odeta Shigela anamlaza mgonjwa wake kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha mashine.

"Toa hewa yote, baba. Sasa zuia," anasema. Kisha anahesabu kwenye saa hadi sekunde ya kumi na tano.

Aliyelala ni Ndalahwa Chenge, fundi cherehani wa Mabatini, mwenye umri wa miaka sitini na tatu. Ana uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, jirani na sehemu inayoongoza mkono wa kulia. Kuutoa ni lazima. Kinachosumbua ni kwamba daktari anaweza kuutoa uvimbe na mkono ukaenda nao.

Odeta ana miaka thelathini na minane, na anafanya kazi ya picha za uchunguzi katika hospitali moja ya Nyamagana, Mwanza. Kwa miaka saba alipiga picha za miguu iliyovunjwa na bodaboda. Sasa yuko kwenye MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, na kazi yake ngumu kuliko zote ni kuonyesha ubongo ukiwa kazini.

"Mashine haioni mawazo, inaona damu," anaeleza. Mtu akichezesha vidole, sehemu ya ubongo inayoviongoza huletewa damu zaidi, na picha hung'aa. Lakini mishipa ya watu hailingani. Umri huikaza, shinikizo la damu huichosha, uvimbe huilemaza.

"Ukifungua bomba la nyumba kule mlimani maji yasitoke, huwezi kusema nyumba hiyo haina mwenye kiu," anasema. "Kwanza kagua bomba."

Ukaguzi wenyewe ni kuzuia pumzi. Hewa chafu ikijikusanya katika damu, mishipa ya ubongo mzima hutanuka, hata kama mtu hawazi lolote. Odeta hupima kila mahali pametanuka kiasi gani, kisha huisoma picha ya vidole kwa kipimo hicho.

Ijumaa iliyotangulia, kipimo kilikataa. Picha ya vidole ilionyesha doa tupu ukingoni mwa uvimbe. Pumzi ilipozuiwa, ubongo mzima ulibaki vilevile. Odeta alikwisha kuandika kwamba mishipa haiitikii kabisa, ndipo alipoutazama mchoro wa mkanda unaofungwa kifuani mwa mgonjwa. Kila baada ya amri yake ya kuzuia pumzi, kifua kilikuwa kimepanda na kushuka mara moja.

Alimpigia simu Rebeka, binti wa mzee.

"Baba atakuwa anakujibu, dada," Rebeka alisema. "Ukimwambia zuia, atasema 'haya, mwanangu.' Mtu akikusemesha ukamnyamazia, kwetu hiyo ni dharau."

Kelele za mashine zilikuwa zimelimeza jibu, na pumzi ilikuwa imekwenda nalo. Odeta aliifuta taarifa yake.

Ndiyo maana leo wapo kwenye benchi. Salamu zote zimemalizwa hapa nje: shikamoo, za nyumbani, za cherehani. Ndani hatasema neno. Mzee ataona duara kwenye kioo kilicho juu ya macho yake, la kijani apumue, jekundu azuie.

"Taa haihitaji kuitikiwa," Odeta anamwambia.

"Nilijua nikinyamaza utadhani nimefia humo," mzee anajibu.

"Mkanda ungeniambia kwamba u hai, baba."

"Basi mkanda wako ni mmbeya."

Ndani ya mashine, katika mizunguko sita ya kuzuia pumzi, mitano inakubali. Katika wa nne mzee anakohoa. Safari hii ubongo karibu wote unang'aa, isipokuwa mahali pamoja penye ukubwa wa kifungo cha shati, ukingoni mwa uvimbe. Ni palepale palipoonekana patupu vidole vilipochezeshwa. Mishipa ya hapo haitanuki kwa lolote, hivyo ukimya wake hauthibitishi kwamba ubongo wa hapo haufanyi kazi.

Daktari wa upasuaji, Suhaib Yahaya, anaweka kidole kwenye doa. "Nilikuwa nimepanga kupita hapo," anasema.

Alibadilisha mpango. Siku kumi baadaye mzee Ndalahwa aliamshwa katikati ya upasuaji, akaombwa achezeshe vidole. Doa lile lilipoguswa kwa umeme mdogo, vidole viwili vilijikunja vyenyewe. Daktari aliishia hapo, akaacha kipande chembamba cha uvimbe, ambacho sasa kitafuatiliwa kwa picha kila baada ya miezi mitatu.

Ni wiki ya sita sasa tangu upasuaji. Mzee amerudi kwenye cherehani. Kidole cha mwisho bado ni kizito, na suruali iliyokuwa ikimchukua siku moja inamchukua mbili. "Lakini naikata mwenyewe," anasema.

Odeta hajaridhika. Viwango anavyolinganishia vilipatikana kwa watu wa mbali, nchi nyingine. Anataka watu arobaini wazima wa Mwanza wamzuilie pumzi, na amepata kumi na mmoja, tisa kati yao wakiwa wafanyakazi wenzake. Watatu wengine walijitoa waliposikia kwamba asubuhi hiyo hawaruhusiwi chai wala kahawa, kwa kuwa hubana mishipa.

Jumamosi ataanza kuzunguka Mabatini kutafuta ishirini na tisa waliobaki.

"Akija mgonjwa mwingine kabla sijawapata, nitampima hivyohivyo," anasema. "Ila nisipopajua mahali, nitamwambia daktari sipajui. Asikate kwa sababu nimenyamaza."