Fasi ya Bure

Muhogo uliolowekwa una harufu kali inayopanda hadi kichwani, na utoto wangu wote, milimani juu ya Baraka, ulinuka hivyo. Mama zetu waliuloweka kijitoni, katika vidimbwi vilivyozungushiwa mawe, hata katikati ya kiangazi, vumbi la njia ya Fizi likiwa la kuzamisha viatu. (Shangazi yangu aliharibu humo viatu vya harusi, lakini hayo nayaacha.) Kijito hakikukauka. Kilitoka kwenye kinamasi cha juu, upande wa Bibokoboko, penye udongo mweusi mwororo kama ugali mbichi. Ukikanyaga hapa, nyasi zinatikisika kule. Udongo ule ulikunywa mvua yote, kisha ukaitoa kidogo kidogo, kama mama anayejua kuwa watoto wake ni wengi na sufuria ni moja.

Mwaka mmoja akaja moniteri wa kilimo, mtumishi wa serikali. Alisimama ukingoni asichafue suruali, akasema, “Hii ni fasi ya bure. Mukate mifereji, maji itoke, mupande maharagi.” Bure! Mahali panaponywesha kijiji kizima! Lakini neno likitoka kwa mtu wa biro, mtu wa ofisi, wanaume wetu hulipokea kama komunyo. Baba mdogo Wilondja akawa wa kwanza kunoa jembe. Koko, bibi yangu, mama yake mzazi, akamfuata.

“Weye Wilondja, unapasua mutungi ukiwa na kiu?”

“Mama, kule iko vyura tu.”

“Basi bamama balowekee muhogo mu kinywa yako. Iko wazi kila saa!”

Watu walicheka, na mfereji ukakatwa.

Maharagi yalistawi msimu mmoja, sitasema uongo. Kisha mvua kubwa ikashuka yote kwa pamoja, ikabeba muhogo, mawe na vyote hadi ziwani kule Baraka. Dagaa walikula kabla yetu. Kiangazi, vidimbwi vikabaki mchanga. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo! Waliovunjika miguu wakifuata maji mbali ni bamama. Moniteri alirudi kwake na suruali safi.

Leo mifereji imezidi, na ule udongo mweusi umekauka hadi unashika moto chini kwa chini. Mvua ikinyesha, maji yanaingia nyumba za bondeni. Ikikoma wiki chache tu, wajukuu wangu wanapigana na madumu wakitafuta maji. Na bado juzi kanisani wametuambia tufunge, tuombe mvua. Mimi nimekula. Mvua iko, Mungu hajatunyima. Pa kuiweka ndipo tulipopabomoa wenyewe.