Ufa Tulioukandika

Juzi binti yangu alinisukumia daftari lake mezani, hapa nyumbani Kitale, chai yangu ikiwa bado ya moto. Swali la mwalimu wao lilikuwa fupi: taja matukio manne ya asili yanayobadilisha uso wa dunia kwa haraka. Alikuwa ameshaandika tetemeko la ardhi, mafuriko na volkano. Aliponiuliza la nne, niliweka kikombe chini. Harufu ya samadi mbichi ilikuwa imenijia puani, ya zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Wakati ule niliishi kwa nyanya, mamake mama, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, juu ya Lwakhakha. Mama aliuza nguo sokoni Kitale, akaona heri nisome kule kwa nyanya. Karo ya shule ya msingi ilikuwa ndiyo kwanza imeondolewa, na darasa letu lilijaa hadi wengine wakaandikia magotini. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi. Jioni ilikuwa ugali na mboga za kunde zilizolainishwa kwa maji ya majivu, na bati likilia kwa mvua hata mtu akakuomba chumvi mara tatu kabla hujamsikia.

Nyanya alijulikana kijiji kizima kwa jambo moja: kukandika nyumba. Alichanganya udongo wa kichuguu, samadi na majivu, akaukanda kwa miguu, kisha akaupaka ukutani kwa kiganja, mviringo juu ya mviringo. Ukuta wake ulikauka bila mstari hata mmoja. Maharusi walimwita, na hata kanisa lilimwita. Alipenda kusema, "Udongo ni kama ugali. Ukiuharakisha, utakuaibisha mbele ya wageni."

Mwaka huo mvua ilinyesha wiki mbili bila kupumua. Jumamosi moja nilipanda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kutafuta kuni kavu, nikaona ardhi imechanika. Ulikuwa mstari mwembamba uliokata mteremko kutoka shamba letu hadi la jirani, kana kwamba mtu amepitisha kisu kwenye mkate. Nilikimbia kumwita nyanya. Na kwa vile wiki hiyo tulikuwa tumefundishwa methali, nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

"Umesema kweri, mjukuu," alinijibu. Ulimi wake ulibadilisha l na r upendavyo, kama ndimi nyingi za kwetu. "Rete karai."

Tukakandika mlima. Usicheke. Tulifanya kazi hadi saa kumi, tukaufunika ule ufa wote wa upande wetu kwa udongo laini, na nyanya akaupiga kiganja kama ukuta wa sebule. Jirani, mzee mmoja mwenye mdomo, alisimama kwenye mpaka akatutazama.

"Mama, si upake na rangi kabisa? Uuchoree maua, bana!"

"Nitakuja kukandika mdomo wako," nyanya alimjibu bila kuinua kichwa.

Jumatatu nikajisifu darasani. Mwalimu wetu hakucheka. Alituma mtu alete kipande cha bati kuukuu, akakiegemeza kwenye benchi, akakitandazia udongo, akamwaga maji polepole kwa kikombe. Udongo ulikunywa, ukanywa tena. Halafu wote ukaondoka kwa pamoja, ukaanguka sakafuni, bati likabaki safi. Akatueleza kwamba dunia hubadilika kwa mwendo wa aina mbili. Mto huchonga bonde kwa maelfu ya miaka, lakini kilima chaweza kuhama kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Maji yakijaa udongoni, udongo huwa mzito. Yakifika kwenye mwamba chini yake, udongo huteleza juu ya mwamba, na ufa huwa ndio dalili ya kwanza. Akanitazama. "Na nyinyi mmeifunika dalili."

Jioni hiyo alipanda kwetu na viatu vyake vya shule, matope hadi magotini. Alimsihi nyanya tuhamie shuleni, ng'ambo ya kijito. Nyanya alimpeleka kwenye migomba akamwonyesha kazi yake, laini, nzima.

"Unaona? Imepona. Nyumba hii nimeikandika mimi. Niiache kwa sababu ya mstari?"

"Mwalimu, wewe fundisha hesabu," jirani akadakia. "Ati mlima uhame! Uende wapi, Kitale?"

Mwalimu aliondoka akiwa mnyonge. Nililala nikiwaza lile bati.

Asubuhi nyanya alipanda mwenyewe, nami nyuma yake. Udongo wetu ulikuwa umepasuka katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipiga magoti, akatia kidole, kikazama chote. Alinusa ule udongo, akaumenya kwa ukucha, akaupima kati ya vidole. Nilidhani atalia. Badala yake alisema polepole, "Udongo wangu haupasuki. Haujawahi. Huu ni mrima unaotembea."

Maneno ya mwalimu hayakuwa yamemtikisa, lakini mikono yake aliiamini. Hakubishana tena. Alifunga blanketi, sufuria na kuku wawili, akamfokea jirani kutoka mpakani hadi naye akatoka nyumbani kwake, tukaelekea shuleni. Yule mzee alivuka kijito akiwa amebeba mlango wake kichwani. "Mlango ninao," alisema, "nyumba mtajenga nyinyi."

Ilikuwa siku hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana. Tulisikia mlio kama lori la miwa likimwaga mzigo wake wote. Tukatoka hadi uwanja wa shule. Migomba ilikuwa inashuka ikiwa imesimama wima, kama watu wanaokwenda sokoni, na nyumba ya nyanya ikashuka pamoja nayo, ikainama, ikafunikwa. Kisha kimya. Nimeona mengi tangu siku hiyo, lakini sijaona kitu chenye nguvu kilichokuwa na utulivu kama ule. Tulihesabiana. Hakuna aliyekosekana.

Nyanya alimalizia maisha yake Tongaren, kwa mjomba, katika nyumba ya matofali na saruji. Wakati mwingine nilimkuta akipitisha kiganja ukutani, akinung'unika kwamba ukuta huu hausemi kitu. Sasa hayupo, na kule mlimani wamepanda nyasi za ng'ombe pale palipokuwa na kitanda changu. Nilimwambia binti yangu aandike la nne: maporomoko ya ardhi.

Mwaka jana nilijaribu kukandika jiko la nje kwa mchanganyiko wake, kama nilivyoukumbuka. Ulipasuka siku ya pili, kila upande. Kitale hapa ni tambarare, na safari hii mlima haukuwa na kosa lolote; kosa lilikuwa la mikono yangu.