Nyumba ya Wageni ya Kamachumu

Benadetha alikuwa na ulimi, hilo hakuna aliyelibishia. Enzi anauza samaki wa kukaanga Bukoba mjini, mteja akibonyeza samaki mara mbili bila kununua, alitukanwa mpaka wapita njia wakainamisha vichwa. Lakini siku aliposhusha magodoro, masufuria, watoto na mama mkwe wake, Klaudia, mbele ya ile nyumba ya Kamachumu, alijilazimisha kuwa mpole. Jamani, alitaka kukaa. Hakuwa na pengine.

Nyumba ilikuwa yao kwa haki kabisa. Mumewe, Philbert, aliijenga wakati biashara ya samaki imemnyookea, akawa anaipangisha kwa watu wa Dar wanaorudi nyumbani kula Krismasi. Kisha biashara ikafa, na mwenye nyumba wa mjini akawatupia vyombo nje. Kibanja cha ukoo kule Nshamba, ndugu zake Philbert walishakigawana zamani. Walibakiza nafasi moja tu, kando ya kaburi la baba yao Byabato, kwa ajili ya mjane wake Klaudia atakapofuata.

Sasa sikia roho za watu. Jirani wa ukuta kwa ukuta, Karugendo, alikuwa akiwauzia wageni wale rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mbuzi wa kuchoma. Mkewe Hellen alifua mashuka yao. Nusu ya kitongoji ilikula kutoka kwenye nyumba ile, na leo imejaa watoto wanaokuja kuomba chumvi! Hawakutaka kusikia.

Siku ya kwanza Benadetha alichukua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akapiga magoti kama alivyofundishwa kwao Maruku, akamnyooshea Karugendo. Mhaya haikatai kahawa ya mwenye mji. Karugendo aliitazama, akakisukuma kikapu kwa kidole kimoja.

"Mgeni gani anamkaribisha mwenyeji?" akasema.

Hapo ndipo ilipoanza. Chama cha kuzikana, ambacho Karugendo huyo huyo alikuwa mwenyekiti wake, kiliwakatalia. Shuleni watoto waliitwa wapangaji. Migomba yao ilikutwa imefyekwa, na hakuna aliyeona kitu, ati. Mwishowe majirani wakapeleka malalamiko kijijini, na mkutano ukaitishwa.

"Sisi tulikubali nyumba ya wageni," Karugendo aliuambia mkutano. "Mgeni anakuja, anakula, anaondoka. Hawa wanataka kuota mizizi. Hebu mwulizeni huyu mama, kaburi lao liko wapi? Mtu anakaa walipolala watu wake. Hawa wamemlaza nani hapa?"

Watu wakapiga makofi. Benadetha aliung'ata ule ulimi wake, akakaza kanga kiunoni. Uongozi ukasema utatoa uamuzi baada ya mavuno ya kahawa.

Klaudia aliyasikia yote kutoka kwa wajukuu. Alikuwa mzee wa miguu mibovu, anashinda kwenye mkeka barazani. Jioni ile alimshika Benadetha mkono.

"Mwanangu, mimi usinilaze hapa. Nipeleke kwa Byabato. Nimemkumbuka mno."

"Mama, nakuapia mbele ya Bikira Maria," Benadetha akajibu, na machozi yakamtoka. Hakuwa anaigiza. Miaka ile alipochelewa kuzaa, na ukoo mzima unamwambia Philbert amrudishe kwao, ni Klaudia aliyesimama mlangoni akasema, "Atakayemgusa huyu amenigusa mimi." Alimpenda yule bibi kuliko mama yake mzazi.

Mvua za masika zikamwingia Klaudia kifuani. Alikufa mchana, katika chumba namba mbili, chini ya karatasi ya zamani iliyowataka wageni wasivute sigara. Philbert alilia kama mtoto, kisha akatoa simu.

"Nawapigia Nshamba waanze kuchimba."

Benadetha alikuwa amesimama dirishani, anatazama migomba iliyofyekwa.

"Weka simu," akasema. "Atazikwa hapa."

"Wewe! Si ulimwapia?"

"Nilimwapia. Na wanangu wakalale wapi, Philbert? Sema basi. Wapi?"

Philbert akairudisha simu mfukoni.

Benadetha akatoka uani, akapiga ukunga. Na hapo aliwakamata wote, maana hakuna aliyezaliwa huku anayesikia kilio cha jirani akabaki kwake. Wakaja na kuni, wakaja na ndizi, wakaja na nyasi za kutandika sakafuni. Karugendo alikuja na jembe lake, akachimba hadi shati likaloa. Ndugu wa Nshamba walifika wamefura, wakauliza ni nani aliyeamua hivyo.

"Mwenyewe alitaka alale na wajukuu zake," Benadetha akawaambia.

Wakamzika nyuma ya nyumba, mbali na Byabato wake.

Baada ya maziko wazee wakaketi. Benadetha akapiga magoti tena na kikapu kile kile. Safari hii Karugendo akachota kahawa, akatia mdomoni, akatafuna polepole.

"Pole sana, mama," akasema. "Yale mambo ya kijijini nitayamaliza mwenyewe. Na kwenye chama tutawaandika. Sasa hapa ni kwenu."

"Asante, waitu," Benadetha akaitikia kwa heshima ya Kihaya.

Mjukuu mdogo, Dativa, aliyekuwa akilala na bibi yake kitanda kimoja, alikuwa amesimama pale na macho yamevimba.

"Mama, Bibi si alisema apelekwe Nshamba? Si ulimwambia ndiyo?"

Benadetha alimzaba kofi, mtoto akaanguka juu ya nyasi.

Karugendo aliacha kutafuna. Alimtazama mtoto, akatazama udongo mbichi kule migombani, kisha akamtazama Benadetha usoni, kwa muda. Akaelewa. Tabasamu likamjia taratibu, akanyoosha mkono kwenye kikapu akachukua kahawa nyingine.

"Hellen," akamwita mkewe, "msogelee mwenzako umsaidie kupakua. Huyu ni wa hapa hapa."