Papa Alipoanza Kumwongelesha Murhula

Enzi zetu kule mtaani Cimpunda, hata ukiwa umefumba macho ungeijua nyumba yenye watoto wa kike. Jioni tulicheza nzango, tukirukaruka, tukipiga makofi na kuimba mpaka vumbi linatuingia mdomoni. Halafu kulikuwa na jikoni. Mama alitwanga majani ya sombe huku akinisimulia bei ya samaki wa sambaza, ugomvi wa jirani na ndoto aliyoota usiku, utadhani mimi ni mama mwenzake. Kabla sijaanza shule ya msingi nilishajua kubishana, kutania na kusema uongo mtamu, kwa Kiswahili na kwa Kimashi.

Mdogo wangu Murhula alipewa maneno kwa kipimo, kama chumvi. "Leta!" "Ikala!" "Nyamaza!" Papa alikuwa dereva wa lori la kwenda Kamituga, na kwake mtoto wa kiume alilelewa kama askari. Mama akimwita Murhula jikoni, Papa alifoka: "Mutoto mwanaume anatafuta nini ku jikoni? Mwanaume hasemake mingi!"

Murhula akatii kupita kiasi. Wenzake walianza shule ya watoto wadogo yeye akiwa bado anaonyesha vitu kwa kidole. Majirani wakanong'ona. Mmoja akamwambia mama, "Uyu mutoto iko na ulimi muzito, mumupeleke bamukate kilimi." Mama aliendelea kumwosha mtoto miguu, nami nikaona machozi yakidondokea kwenye beseni.

Kisha msimu wa mvua lori likapinduka kwenye tope, Papa akaletwa nyumbani amevunjika mguu. Mama akawa anashinda sokoni Nyawera kuuza mboga, mimi shuleni, nao wakabaki wawili. Mwanzoni walitazamana kama abiria wasiojuana. Lakini Papa alizoea kelele za barabara, na ukimya wa ile nyumba ukamshinda. Kwa kukosa mtu mwingine, akaanza kumsimulia mwanawe safari zake.

Mchana mmoja nimetoka shule, nikasimama mlangoni. Papa alikuwa amenyoosha mguu juu ya kiti, anasimulia:

"Njo tukafika ku daraja. Maji ilikuwa imejaa, mingi! Nikaambia kijana wangu, shuka, angalia mbao kama iko nguvu."

Akavuta pumzi. Murhula akamvuta shati.

"Papa, na kisha?"

"Unasema nini?"

"Gari ilipita?"

Papa akanigeukia, kama anayetaka nimhakikishie kwamba nami nimesikia. Akacheka, akajifuta macho kwa kiganja.

"Ilipita, mutoto wangu. Ngoja nikuambie vile ilipita."

Mama aliporudi na kapu lake, Papa mwenyewe ndiye aliyesema: "Murhula, enda ku jikoni, umuambie maman ile mambo ya daraja." Mtoto akaenda. Alichanganya, akarudia, akaiga mngurumo wa lori, na bugali ikaungua siku ile bila mtu yeyote kugombezwa. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Siku hizi watoto wetu hulelewa na simu. Wanajua kutaja tembo na twiga kwa Kifaransa, lakini waulize bibi yao kapika nini jana, wanakutazama kama umewauliza hesabu. Hata nzango nyingine naziona kwenye kioo cha simu tu, watoto wamekaa wakitazama! Nayakumbuka yale makofi yetu, nasikia uchungu kidogo.

Lakini Jumapili, misa ikiisha, naona vijana wa kiume wanateremka mlima wamebeba watoto mabegani, wa kike na wa kiume, wanaongea nao njia nzima juu ya mawingu, mbuzi na pikipiki. Murhula yumo. Ana wawili sasa, na mke wake analalamika kwamba hapati nafasi ya kusema.

Zamani baba akifika nyumbani, watoto wote tulinyamaza. Kwa Murhula, baba akifika, ndipo kelele zinaanza.