Semina Iliyochagua Mwenyekiti

Soko huria lilipopanda hadi Sumbawanga lilituletea mitumba, betri zisizomaliza wiki, na masomo ya chuo kikuu kwa njia ya posta. Vitabu vyote vya kozi nilivisoma peke yangu, mpaka nikajua koma zilipo. Ilibaki semina ya siku moja, yenye sharti moja: asiyechangia hoja haingii kwenye mtihani.

Mkufunzi alitoka Dar es Salaam na njia mpya. Hakuna tena mwalimu kusoma na wanafunzi kunakili, alitangaza. Zama zimebadilika, wanafunzi watajadiliana na yeye atasikiliza. Kisha akajikunja ndani ya koti, maana baridi ya Ufipa haikuwa imepewa taarifa za zama mpya.

Wenzangu walikuwa makarani kadhaa, mwalimu mkuu kutoka kijiji cha Kate na mfanyabiashara mmoja wa Mbeya, wote rika la wazazi wangu. Walipoambiwa wajadiliane, walifanya wanachokijua: walichagua mwenyekiti. Mwalimu mkuu akakalia kiti, akaninyooshea kidole.

"Katibu awe huyu kijana, ana mwandiko mzuri."

Nikaona fahari. Mimi ni mtu wa kufurahia kunyongwa, mradi fundo la kamba limefungwa vizuri.

"Naunga mkono mzungumzaji aliyetangulia," alisema karani.

"Nami namuunga mkono aliyemuunga mkono," alisema mfanyabiashara.

Sikuweza kuiacha aibu hiyo kwenye karatasi. Katika muhtasari nikawapa sababu, mifano, hata hitimisho. Hoja yangu mwenyewe niliirekebisha pembeni, bila kuitoa, hadi kikao kikafungwa.

Mkufunzi alisoma muhtasari kwa sauti, akitoa alama papo hapo. Wote wakafaulu.

"Na wewe katibu? Hujachangia chochote."

Nikaupitia muhtasari wangu: jina langu halikuwamo.

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Mwalimu, maneno uliyonisifia sijawahi kuyasema maishani. Ni ya huyu mwanangu."

"Hata yangu," alisema mfanyabiashara. "Mimi nilikuwa nasinzia, jamani."

"Kanuni hazina kifungu cha namna hiyo," alisema mkufunzi.

"Basi tupige kura," alisema mwalimu mkuu. "Wanaoafiki katibu afanye mtihani?"

"Ndiyooo!"

Ningekaa kimya tu, ningekuwa nimeokoka. Lakini nilishasimama.

"Shikamoo, mzee mwenyekiti. Samahani. Napinga. Kikao kilishafungwa, na hoja hiyo haikuwa kwenye ajenda."

"Kaa chini, mwanangu, kabla hujajifelisha!"

Mkufunzi alikuwa ameinua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku nzima, mtu alikuwa amempinga mwenzake.

"Huo ndio mjadala," alisema, akaniwekea alama ya vema.